Boriti ya Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 9 Juni

Idi imekwisha, tumerudi kazini. Ofisi ni ile ile, ghorofa ya pili juu ya ghala la injini kuukuu, Ras Al Khor, Dubai. Kiyoyozi kinatoa upepo kwa kubembelezwa. Kuanzia leo hadi Septemba tunachora mtaa mmoja wa Uingereza, katika mji mdogo uitwao Eddlecombe: maduka thelathini na mawili ya kale, mbele, nyuma na ndani, ili mji uwe na kumbukumbu ya jinsi yalivyo. Kampuni ya huko, mteja wetu, ilipita na mashine ya leza, ikapima kila ukuta, ikatutumia mamilioni ya nukta. Sisi tunazigeuza nukta kuwa mistari. Sijawahi kufika Uingereza.

Daftari hili amenipa Jalia, ninayeishi naye chumba kimoja kule Al Twar. Ni Mganda, mlinzi kwenye jengo la maduka. Amesema, "Dada Asila, ukirudi kazini unanuna mpaka unalala. Kama mimi huniambii, ambia karatasi."

Haya, karatasi. Nimechoka.

Jumanne, 10 Juni

Namba 3, duka la viatu. Macho yanauma.

Alhamisi, 12 Juni

Nyumba hizi ni waongo wakubwa. Namba 5, ukiitazama mbele, ni matofali mekundu, madirisha sita yamepangwa sawasawa kama askari. Ukiingia ndani unakuta nyumba nyingine kabisa, ya mbao, ya zamani mara mbili zaidi, haina pembe hata moja iliyonyooka. Ami Sharifu, mkuu wetu, alinieleza. Zamani walijenga kwa mbao, ghorofa ya juu ikitokeza barabarani kuliko ya chini. Baadaye ikaja fasheni ya matofali. Mwenye duka hakuwa na uwezo wa kubomoa, akaikata ile sehemu iliyotokeza, akavika matofali mbele tu, wateja wakadhani amejenga upya. Dirisha moja kati ya yale sita ni la uongo, limepakwa rangi nyeusi juu ya ukuta ili hesabu itimie.

Nilicheka. Wahid, anayekaa meza ya pili, mtu wa Lamu, akasema, "Kumbe Wazungu nao wana maonyesho." Chini duka, juu watu wanalala, kama kwetu Mombasa, Ndia Kuu. Nilikulia juu ya duka la vitambaa. Asubuhi tulikuwa tunaamshwa na kelele za mbao za mlango zikiondolewa moja moja.

Jumatano, 18 Juni

Joto nyuzi arobaini na nne. Namba 7 na 8.

Jumatatu, 30 Juni

Mama amepiga simu. Binti yangu Sumeiya ameanza kuficha simu yake akiona bibi anakuja. Ana miaka kumi na sita. Nilimwambia Mama amwache. Kisha nikakaa nikihesabu milango ya namba 11 mara tatu na kila mara nikapata idadi tofauti.

Jumanne, 8 Julai

Unyevu. Nguo zinakushika kabla hujafika kituoni. Namba 12, mkate na keki. Nilichora tanuri ya kuta nene bila kula chochote tangu asubuhi.

Jumanne, 15 Julai

Leo nitaandika kirefu.

Namba 14 ni duka la nyuzi za kufumia na vifungo. Mbele lina kioo kipana kuliko maduka yote ya mtaa ule, na juu ya kioo kuna boriti moja nene ya mbao inayobeba ukuta wote wa matofali wa ghorofa mbili. Zamani chini ya boriti ile palikuwa na nguzo katikati. Alama yake bado ipo sakafuni, duara la chuma. Mtu fulani aliiondoa ili kioo kiwe kimoja.

Mashine ilipita mara mbili, Novemba na Machi, kwa sababu mara ya kwanza mashine haikuruhusiwa kupita milango ya vyumba vya juu. Nikaweka vipimo vya Machi juu ya vya Novemba ili nivishone. Pande zote zikakaa, ila boriti haikukaa. Nikadhani nimekosea, nikaanza upya. Nikaanza upya tena. Katikati ya boriti imeshuka milimita kumi na tisa kwa miezi minne. Ni upana wa kidole changu.

Nilimwita Ami Sharifu. Alivaa miwani, akainama, akatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu kilicho wazi.

"Chora mstari ulionyooka," akasema.

"Ami, umeona inavyoshuka?"

"Nimeona. Mteja anataka michoro ya nyumba ilivyojengwa, si ilivyochoka. Kila duka tumenyoosha. Hili nalo linyooshe."

"Mengine yamepinda na yametulia. Hili linakwenda."

"Asila, mwanangu. Sisi ni wachoraji. Huko wana mainjinia wao."

"Wamelitazama?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Yalla, tuna maduka kumi na manane yamebaki," akasema, akarudi chumbani kwake.

Miaka sita nimefanya kazi chini ya mtu huyu. Ni Mzanzibari, ana miaka hamsini na nane, ndiye aliyenifundisha kusoma nyumba. Sikujua kuwa ni mwoga.

Nilinyoosha mstari. Ulichukua sekunde mbili.

Alhamisi, 17 Julai

Namba 15.

Jumatatu, 28 Julai

Ilinilazimu kurudi namba 14, vyumba vya juu. Mashine huchukua na picha. Chumba cha mbele, juu ya boriti kabisa, kina kitanda cha mtu mmoja kilichotandikwa vizuri, redio, kabati la nguo, fimbo ya kutembelea imeegemezwa dirishani, na jozi ya viatu vya ndani vimepangwa sambamba. Anaishi mtu pale. Mzee, nadhani, na anaishi peke yake.

Jioni nilimwambia Jalia. Alikuwa anavua buti, miguu imevimba kwa kusimama saa kumi na mbili.

"Sasa wewe unamlilia mzee wa Uingereza," akasema. "Yeye anakujua?"

"Hanijui."

"Bosi wako anajua hiyo boriti?"

"Anajua."

"Na yule anayelala juu yake?"

Akalaza miguu juu ya begi lake. "Basi bosi wa nini? Piga kwa aliye ndani ya nyumba."

Rahisi kusema. Mkataba una ukurasa mzima unaosema michoro ni siri na hatuzungumzi na yeyote wa Eddlecombe. Viza yangu inaisha Septemba, na arbab, mwenye kampuni, ndiye anayeamua kama ataiandika tena. Sumeiya bado yuko shule. Nililala na jibu moja, nikaamka na lingine.

Ijumaa, 1 Agosti

Kiyoyozi kimekufa. Wahid alileta feni ya mezani kutoka kwake, akaielekeza kwangu kwanza. Mke wake ana mimba ya miezi saba. Namba 19.

Jumanne, 5 Agosti

Nilipiga. Saa saba mchana, wengine wameenda kuswali na kula. Huko ilikuwa saa nne asubuhi. Namba ya simu imeandikwa kwenye kibao cha duka, katika picha. Nilishuka hadi nyuma ya ghala la injini, kivulini, nikatumia simu yangu mwenyewe.

Alipokea mwanamke. Jina lake Hilary, ndiye mwenye biashara. Nikamwambia naitwa Asila, niko Dubai, nimechora duka lake, na boriti iliyo juu ya kioo chake inashuka.

"Dubai," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na sasa utaniuliza namba ya kadi yangu ya benki."

Nikamwambia sitaki namba yoyote. Akaniambia jirani yake aliibiwa hivi hivi, na sauti ilikuwa ya mwanamke mpole kama mimi. Akakata.

Nilibaki nimesimama. Fundi mmoja alikuwa anamwaga oili kwenye ndoo, akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikasema hapana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepiga tena. Safari hii nilikuwa nimeandika maneno.

"Usikate," nikasema. "Dirisha la chumba cha juu, la upande wa kushoto. Linafunguka?"

"Halifunguki," akasema. "Tangu Pasaka. Bwana Garrod analalamika kila siku."

"Na kabati lako la vifungo, lililo chini ya kioo. Droo ya tatu?"

"Imekwama. Wewe umejuaje?"

"Sikujua. Nimekisia. Bibi, chukua rula. Simama barabarani, tazama fremu ya kioo pale juu, katikati. Palikuwa na nafasi kati ya mbao na kioo. Nina picha ya Novemba, nafasi inaonekana. Niambie leo ni kiasi gani."

Nikasikia kengele ya mlango, kisha magari, kisha mtu akimsalimu. Dakika moja, nadhani. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye simu.

"Hakuna nafasi," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mbao imekaa juu ya kioo."

"Maana yake kioo ndicho kinachobeba ukuta," nikasema.

Hakuuliza tena habari za kadi. Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia awatoe watu kwanza, halafu amwite injinia, na wakimwuliza nani amemwambia, aseme ameona mwenyewe. Akaandika jina langu hata hivyo. Nilimsikia akilitamka polepole, herufi kwa herufi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ujumbe kutoka kwa Hilary. Injinia amekuja Jumamosi. Alichoma bisibisi kwenye ncha ya boriti, ikazama hadi mpini. Bomba la bafu la juu limekuwa likivuja kwa miaka, na mbao imeoza kama mkate uliolowa chai. Wameweka nguzo za chuma sita. Duka limefungwa, mtaa umezibwa nusu, Bwana Garrod amepelekwa kwenye nyumba ya wazee.

Mwisho akaandika: *Ulisema kweli. Bado sijajua kama nakushukuru. Duka hili lilikuwa la mama yangu.*

Jumatano, 13 Agosti

Barua ya mteja imefika asubuhi. Wanataka kujua ni nani katika ofisi yetu aliyewasiliana na watu wa namba 14, kinyume cha mkataba. Ami Sharifu aliniita chumbani kwake akafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno makali, nimeyapanga tangu Julai.

Aligeuza kompyuta yake nione. Alipokea mafaili ya Eddlecombe tangu Aprili, kabla yetu. Tarehe ishirini na mbili Aprili aliandika: *Boriti ya namba 14 inashuka, tafadhali mtumeni injinia.* Akajibiwa kwamba hiyo si kazi tuliyopewa. Akaandika tena Mei. Akaandika tena Juni, mara hii akaambatanisha mchoro alioufanya mwenyewe, boriti ikiwa imepinda, kwa wino mwekundu. Jibu la Juni lilikuwa mstari mmoja: kama ofisi yenu inaona kazi hii ni nzito, ziko ofisi nyingine.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba nimeuliza mara tatu, nikanyamazishwa, nikanyamaza?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyo hivyo."

Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa mezani, mikubwa, ya mtu aliyechora kwa kalamu kabla ya kompyuta. "Nilikuwa nakutazama siku ile umeniita," akasema. "Nikajua utafanya. Nikaingia humu nikaomba ufanye upesi. Huo ndio uzee wangu, Asila."

Yale maneno makali sikuyasema. Lakini sikuweza pia kumwambia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu. Angeweza kupiga ile simu mwezi wa nne.

Ami alimjibu mteja hivi, nilimwona akiandika: *Ofisi yangu ndiyo iliyopiga.* Jina hakuweka.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa arbab mwenyewe. Si mtu mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho huku akizungusha tasbihi, akaniuliza yule mzee ni mzima. Nikasema mzima. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaniambia viza yangu hataiandika tena. Khalas, imekwisha.

Jumatatu, 25 Agosti

Mteja ameondoa maduka yote yaliyobaki. Kazi ya Oktoba nayo, mtaa mwingine, haipo. Kwa hiyo si mimi tu. Wahid ndiye aliyeajiriwa mwisho, naye anaondoka.

Alikuwa anafunga feni yake kwa kamba. Nikasimama pale nikamwambia samahani. Hakuinua kichwa.

"Ilianguka?" akauliza.

"Nini?"

"Nyumba. Ilianguka?"

"Haikuanguka. Wameweka nguzo."

"Basi imesimama," akasema. "Walioanguka ni sisi." Akakaza fundo. "Sikulaumu, dada. Ningekulaumu ningelala vizuri zaidi. Ila mke wangu ananiuliza ni mzee gani huyo, na mimi sina la kumwambia."

Nilimshikia mlango. Ngazini aligeuka kama aliyesahau kitu, halafu akaendelea kushuka.

Jumatano, 27 Agosti

Sikuandika kitu jana. Leo pia sina.

Jumamosi, 6 Septemba

Jalia amenipeleka kwa mtu wa karakana moja hapa hapa Ras Al Khor, wanaunda rafu za chuma za maghala. Wanataka mchoraji. Nimechora rafu mbele yao, nusu saa. Wamesema watatazama mambo ya viza, inshallah. Nikawaambia ninamjua mwingine, mtu wa Lamu, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Wakasema nafasi ni moja. Nikawapa namba ya Wahid, nikawaambia wamwite yeye kwanza.

Jalia alingoja tufike nyumbani. Kisha akasema, "Wewe ni mgonjwa." Akanikandia chapati.

Alhamisi, 11 Septemba

Wahid ameitwa, amekubaliwa. Hakunipigia. Ni mke wake aliyenitumia ujumbe, neno moja, *Shukran.* Mimi nimekata tiketi ya Mombasa ya tarehe ishirini na tatu. Nilipomwambia Sumeiya aliuliza kama nitakaa. Nikamwambia sijui, lakini nitakuwepo akiamka.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya mwisho. Ofisini tulibaki wawili, mimi na Ami Sharifu. Ilinibidi kufuta mafaili yote ya Eddlecombe kwenye mashine yangu na kurudisha kadi ya mlango. Nilikuwa nimefika namba 14 simu ilipolia, namba ya Uingereza.

Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu asiyesikia vizuri. "Wewe ndiye wa Dubai?" akauliza. "Mimi ni Garrod. Hilary amenipa namba."

Nikamwambia shikamoo kwa Kiingereza, kwa namna inavyowezekana. Akaniambia yuko chumba cha chini, zulia ni la rangi ya supu ya maharage, na dirisha linafunguka vizuri sana na nje hakuna kitu cha kutazama. Kule kwake hawamruhusu kupanda tena. Alisikia kwamba mimi ninacho chumba chake kwenye mashine.

"Ninacho," nikasema. "Kwa dakika chache tu."

"Nisomee."

Nikakifungua. Nikamwambia naingia mlangoni. Kulia ni redio. Kitanda, blanketi la miraba, fimbo dirishani. Akanirekebisha: blanketi lilifumwa na mke wake kwa nyuzi za dukani, nyuzi zilizobaki, ndiyo maana miraba hailingani. Nikamwambia naona bakuli lenye funguo. Akasema funguo zile hazifungui kitu. Alikuwa anacheka kidogo. Tukaenda hivyo ukuta kwa ukuta, yeye akiniambia nani alinunua nini na mwaka gani, miaka arobaini na mmoja ya chumba kimoja.

Tukafika kwenye kabati la nguo. Nilikuwa na picha zote mbili, Novemba iliyopigwa kutoka mlangoni na Machi iliyopigwa ndani. Sikuwa nimewahi kuyatazama yale mambo yasiyo mstari. Novemba kabati liko upande wa kushoto. Machi liko upande wa mbele, kando ya dirisha, limebanwa ukutani.

"Kabati lilihama," nikasema.

Nikamsikia akivuta kiti.

"Nyuma yake kuna ufa," akasema. "Mwezi Februari mkono wangu ulikuwa unaingia. Nililisukuma mwenyewe, ilinichukua asubuhi nzima." Akapumua. "Ningesema, wangenitoa. Nina miaka themanini na mbili. Nilifikiri nyumba itaningoja nimalize."

"Na Hilary chini?" Sikuuliza kwa ukali. Nilikuwa nimechoka mno kuwa mkali.

"Ndiyo," akasema. "Na wateja wake, na watoto wanaosimama pale kwenye kioo kutazama vifungo. Kila siku nikishuka namwamkia, halafu napanda nalala juu yake." Kisha akasema, "Wananiambia umepoteza kazi. Nimeona ujue kwamba mimi nilijua. Hilary hajui."

Nilitazama lile kabati. Nilimfikiria Ami Sharifu chumba cha pili na wino wake mwekundu. Nilifikiria zile sekunde mbili zangu za kunyoosha mstari, na wiki tatu nilizokaa baada yake. Mzee alikuwa anangoja nimwambie kitu, na mimi nilitafuta neno la lawama sikulipata, nikatafuta la msamaha, nalo nikaona si langu kutoa.

"Mwambie Hilary," nikasema. "Wewe mwenyewe, si kwa simu."

"Hatanisamehe."

"Labda. Mwambie."

Akasema Hilary yuko karibu, atakuja Jumapili kumletea soksi. Nikamwuliza kama amekula. Akasema bado, leo wanapika samaki, hawajui kupika samaki. Nikamwambia ale hivyo hivyo, apake ndimu.

"Hawana ndimu," akasema.

"Hilary alete ndimu, akileta soksi."

Akacheka, akasema ataandika asisahau, na akaniaga kwa jina langu, alilitamka sawasawa.

Ami Sharifu alikuwa amesimama mlangoni na funguo za ofisi mkononi. Aliniuliza nani. Nikamwambia ni mwenye chumba. Akavuta kiti cha Wahid akaketi kando yangu. Tulikitazama kile chumba pamoja muda kidogo, kisha nikakifuta. Akazima taa, tukashuka ngazi, yeye mbele akinishikia begi.